Abiria wa Stesheni Isiyo na Reli

Mimi sina sababu ya kukudanganya. Nimezeeka, meno yameniisha, na mtu hudanganya ili apate kitu. Mimi kwako sitaki kitu. Haya ninayokueleza yalinipata mwenyewe, kwa miguu yangu hii na macho yangu haya. Tena yalinipata asubuhi, si usiku, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, halafu unisikilize.

Unapajua pale chini ya milima ya Matogoro panapoitwa Stesheni? Wageni wakifika Songea huuliza, stesheni ya nini, mbona reli hakuna? Vijana wa siku hizi hujibu lolote linalowajia mdomoni. Mmoja nilimsikia akisema ni jina la mbwa wa Mzungu. Ukweli ni kwamba reli haikufika kwetu, lakini stesheni ilikuwako. Najua kwa sababu mume wangu alikuwa miongoni mwa walioichimba.

Ilikuwa enzi za Mdachi, kabla ya vita. Wazungu walikuja kutoka pwani na mahema, bendera nyekundu na nyeupe, mnyororo mrefu wa kupimia, na darubini ya miguu mitatu ambayo sisi wanawake tulikatazwa kupita mbele yake. Walikuwa wakipima nchi, bonde kwa bonde, mpaka Nyasa. Walipofika kwetu wakapiga vigingi, wakamwambia jumbe atoe watu. Jumbe akawatoa, nani angekataa? Wakafyeka msitu, wakasawazisha uwanja mpana, wakapanga mawe ya msingi upande mmoja.

Mume wangu aliitwa Mbano. Wenzake walikwenda kazini wakinung'unika na kurudi wakinung'unika, na walikuwa na haki, maana viboko vilikuwako na posho ilikuwa chumvi kidogo. Mbano naye alichapwa kama wengine. Lakini kazi ile ilimwingia moyoni kwa namna yake. Msimamizi wao alikuwa mtu wa Kilwa, mtu wa maneno mengi, aliyevaa kanzu hata porini. Wakati wa kupumzika aliwahadithia habari za gari la moshi alilolipanda huko Tanga. Mbano akirudi nyumbani alinihadithia mimi, akila huku anaongea, mpaka ugali unapoa. Aliniambia nyumba ya stesheni itakuwa ndefu kuliko nyumba yoyote ya Songea, na paa lake litatoka nje ili abiria wasinyeshewe. Kutakuwa na viti vya kukalia bure. Mtu atafika na mzigo wake, aukalie, angoje, na hakuna atakayemuuliza anatoka wapi.

Siku mtoto wetu alipozaliwa, ni yule Mkilwa aliyetupa jina. Alisema kwao mtoto wa kike aliyezaliwa usiku huitwa Chausiku. Mbano alilipenda, na mimi pia.

Kisha wale Wazungu wakafunga mahema yao wakaondoka. Walisema watarudi. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota juu ya uwanja, vigingi vikaliwa na mchwa. Mara vita ikaja.

Vita ile umekwisha kuisikia, sitairefusha. Ililetwa dawa ya maji, tukaambiwa risasi za Mdachi zitageuka matone. Mbano alinyunyiziwa kama wanaume wengine. Aliondoka alfajiri, akambusu mtoto utosini, na mimi akaniambia nisiache moto uzime. Hakurudi. Wengine tulionyeshwa maiti zao. Wengine walinyongwa pale bomani na tukalazimishwa kutazama. Mbano sikuonyeshwa popote, wala hakuna aliyesema amemwona akianguka. Unajua uzito wa jambo hilo? Aliyefiwa huanua matanga akaanza upya. Mimi na mama mkwe wangu tulikaa tu, hatulii, hatunyamazi.

Baada ya vita ikaja njaa. Askari walikuwa wamechoma maghala na mashamba, hata mbegu hazikusalia. Tukala majani, tukala ngozi za kulalia. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na katika miezi ile nilimwona akipungua mpaka bangili zake zikawa zinadondoka zenyewe. Chausiku alikuwa ameanza kutembea, kisha akaacha. Nguvu zilimwisha, akarudi kukaa chini kama mtoto mchanga. Nilipoona hivyo nikajua, nisipoleta kitu nyumbani, huyu anakwenda.

Ilikuwa majira ya baridi. Asubuhi zile Matogoro huvaa ukungu mpaka miguuni, huoni mti ulio mbele yako. Nilimwacha mtoto kwa mama mkwe, nikachukua kijembe changu na kikapu, nikaenda Stesheni kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini. Nilipachagua kwa sababu udongo wake ulikwisha kuchimbuliwa na akina Mbano, kwa hiyo ulikuwa laini, na mimi sikuwa na nguvu za kupigana na ardhi ngumu.

Nilichimba nikapata mng'oko mmoja mnene kama mkono. Nikautia kikapuni. Nilipoinama kutafuta wa pili, nikasikia watu wanazungumza.

Yalikuwa mazungumzo ya kawaida. Kama ukipita karibu na nyumba yenye harusi, kabla shughuli haijaanza, watu wamekaa wanaongea taratibu. Nikashangaa, maana wakati ule hapakuwa na watu wa kuongea vile. Tuliobaki tulikuwa tukinong'ona tu. Nikasogea.

Niamini. Ndani ya ule ukungu ilisimama nyumba ndefu. Paa lilitoka nje. Chini ya paa kulikuwa na viti virefu vya udongo vilivyosiribwa vizuri, na juu yake wamekaa watu, wanaume kwa wanawake, na mizigo yao miguuni: mikeka iliyoviringishwa, vibuyu, mafurushi ya nguo. Mzee mmoja alikuwa na kuku kwapani. Mwanamke mrefu alikuwa akifagia mbele yao, polepole, na pale alipofagia palikuwa safi tayari.

Je, niliogopa? Hata kidogo. Ndilo jambo linalonitisha sasa nikilikumbuka. Ilikuwa kama unavyoota uko kwa bibi yako, na bibi alikwisha kufa, lakini ndotoni humkumbuki kuwa amekufa, unaomba maji tu na yeye anakupa.

"Karibu," akasema yule mwanamke mwenye ufagio. "Umechoka. Kaa."

Nikakaa karibu na mzee wa kuku. Mara tu nilipokaa, njaa ikaniacha. Unaelewa ninachosema? Njaa niliyoishi nayo miezi na miezi, iliyokuwa kama mnyama tumboni, ilinyanyuka ikaenda zake. Miguu yangu iliyokuwa imevimba ikawa myepesi na yenye joto. Nikatamani nisisimame tena maishani.

"Mnakwenda wapi, baba?" nikamuuliza mzee.

"Nyumbani, binti yangu."

"Nyumbani wapi?"

Akamkuna kuku wake shingoni. "Gari linajua."

Jibu likanitosha. Nikatazama nyuso za watu. Nilimwona mfinyanzi aliyekuwa akituuzia vyungu. Nilimwona mhunzi wa ng'ambo ya mto, pamoja na wanaume wa ukoo wa jumbe, wamekaa mstari mmoja, shingo zao zimenyooka. Wote niliwajua, lakini nilikokuwa nimewaona mara ya mwisho sikukumbuka, wala sikujisumbua kukumbuka.

Ndipo nikamwona Mbano.

Alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, mikono nyuma, akitazama kule ambako reli ingetokea. Alikuwa amenenepa. Nguo yake ilikuwa nyeupe, safi, sijapata kumwona na nguo kama ile. Moyo wangu uliruka. Yeye akageuka, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akainama kidogo kwa adabu.

"Samahani, dada," akasema. "Huko utokako, gari umeliona?"

Dada! Mume wangu ananiita dada. Alinitazama kwa uso mwema kabisa, uso wa mtu anayeuliza njia.

"Mbano," nikasema.

Akacheka kidogo. "Mbano ndiye nani?"

"Ndiye wewe! Ni mimi, mkeo. Hunijui? Hukuniambia nisiache moto uzime? Una mtoto, Mbano. Una Chausiku. Mama yako yuko nyumbani, amekonda kama ufito, anakungoja."

Nilisema haraka haraka, kila neno likivuta lingine. Nikaona uso wake unabadilika. Kwanza alikunja paji, kama mtu anayetafuta neno. Kisha mkono wake ukaenda ubavuni ukabaki hapo. Alipouondoa, ile nguo nyeupe ilikuwa na doa, na doa lilikuwa linapanuka.

"Tulikuwa tunapanda mlima," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ile ninayoijua. "Walikuwa juu. Yale maji..." Akanishika bega, vidole vyake vikiwa baridi kama mawe ya mtoni. "Mke wangu, yale maji yalikuwa maji tu."

Nikasikia mguno nyuma yangu. Nikageuka. Mhunzi alikuwa amejishika tumbo. Mfinyanzi alikuwa akilamba midomo, ikimkauka na kupasuka mbele ya macho yangu, na akaanza kuomba chakula. Wale wanaume wa ukoo wa jumbe wakapeleka mikono shingoni, wote kwa pamoja, wakaanza kuhema. Yule kuku kwapani mwa mzee akalegea. Maneno yangu yalikuwa yanapita kiti hadi kiti kama moto kwenye nyasi kavu, na kila yalipofika mtu alikumbuka.

Mwanamke mwenye ufagio akaacha kufagia. Hakukasirika, ila alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza msibani:

"Binti, hawa wamekwisha kulipita hilo. Unataka walipite tena? Anayekumbuka hawezi kupanda. Atabaki hapa, nyasi zimwotee."

"Ni mume wangu," nikasema.

"Najua. Na huyo mtoto wako, umesema anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa. Haki ya Mungu, hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimelitaja jina punde tu, na sasa ulimi wangu ulitafuta mahali lilipokuwa ukakuta pengo. Niliuona utosi wake. Nilimwona akijikokota sakafuni. Jina halikuwako. Nikatambua kwamba kadiri ninavyokaa, ndivyo kinavyonitoka kitu kimoja baada ya kingine, bila maumivu, na kwamba muda si muda nami nitakuwa abiria, nimetulia, sidai kitu.

Nikasimama. Njaa ikanirudia yote kwa mpigo, karibu inidondoshe. Mbano alikuwa bado amenishika bega, damu inamtiririka mpaka gotini, na macho yake yananisihi. Alitaka niendelee. Alitaka kujua yote, hata kama kila neno linamuua upya. Na mimi je? Nilitaka nini? Nilitaka aninyanyue anipeleke nyumbani, akachimbe yeye ming'oko. Nilitaka awe wangu japo kwa jeraha.

Nikautoa mkono wake begani, taratibu.

"Samahani, kaka," nikasema. "Nimekufananisha."

Akanikazia macho.

"Nimekufananisha na mtu wa kwetu. Mnafanana sana, hasa kwa mbali. Lakini sasa nimekutazama vizuri, naona siye."

Hakuna neno nililowahi kulitoa kinywani lililokuwa zito kama lile. Hata uchungu wa kuzaa haukufika hapo. Nami nikatabasamu, nikajilazimisha kutabasamu kama mtu aliyeona haya kwa kukosea. Polepole mkunjo ukamtoka usoni. Doa likaanza kurudi ndani ya nguo, likawa dogo, likaisha. Nyuma yangu miguno ikapungua kiti hadi kiti.

"Watu hufanana, dada," akasema. "Usijali."

"Ahsante, kaka."

Akawa anataka kuondoka, kisha akageuka. Mbano alikuwa hivyo, hakuweza kumwacha mtu na shida yake. "Huyo unayemtafuta," akauliza, "ni mtu mwema?"

"Mwema sana."

"Basi nikimkuta mbele ya safari, nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto wake alianza kutembea. Mwambie nyumbani moto unawaka."

"Nitamwambia," akasema. "Alianza kutembea. Moto unawaka. Sitasahau."

Wakati huo likaja. Sikuliona, na nisingependa kukudanganya kwamba nililiona. Niliona tu ule ukungu unakuwa mzito na mweupe zaidi, ukipita mbele ya nyumba kwa mwendo, na upepo wa uvuguvugu ukanipiga usoni. Miaka mingi baadaye binti yangu alinipandisha gari la moshi la kweli, lile la kutoka pwani kwenda Tabora, nami nilitega sikio njia nzima. Si mlio ule. Ule wa Stesheni ulikuwa kama watu wengi wakishusha pumzi kwa pamoja baada ya kutua mizigo. Abiria wakainuka, wakachukua mikeka yao, wakaingia kwenye ule weupe wakizungumza. Mbano alimsaidia mzee wa kuku kupanda, kisha akaingia yeye, bila kutazama nyuma. Na mimi sikumwita.

Nilikimbia. Nilikimbia na kikapu changu nikimtafuta mtoto kwa majina yote ninayoyajua, nikijaribu hili na hili kama mtu anayejaribu funguo. Nilipofika uwanjani kwetu, mama mkwe alikuwa mlangoni akimwambia mtoto, "Chausiku, mama yako huyo." Nikaanguka chini nikalia mpaka nikakosa sauti.

Ule mng'oko tuliupika tukala. Baadaye nikapata mingine, mahali pengine, na mvua ziliporudi misheni wakagawa mbegu. Chausiku alipona.

Mama mkwe nilimweleza jioni ile ile. Ningemfichaje? Alikuwa mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho, asiniulize kama nimeota, wala kama njaa imenipanda kichwani. Aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa amevaa vizuri?" Nikamwambia, vizuri sana, nguo nyeupe. Akaitikia kwa kichwa.

Kulipopambazuka sikumkuta kitandani.

Tulimkuta Stesheni, mimi na jirani mmoja. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka, jua linawaka juu ya nyasi na yale mawe ya msingi, na yeye amekaa juu ya mawe na mkeka wake umeviringishwa miguuni. Hakukuwa na nyumba wala viti. Nikamshika mkono. Akanitazama kwa uso mwema, uso ule ule wa mwanawe.

"Dada," akaniambia, "gari limeshapita?"

Tulimrudisha nyumbani. Aliishi nasi mpaka mahindi ya kwanza yalipokomaa, na muda wote huo hakujua mimi ni nani wala mtoto ni nani, wala kwamba aliwahi kuzaa. Alikuwa mpole, na usiku alilala fofofo, yeye ambaye tangu vita hakuwahi kulala. Watu wengine walisema nimemroga. Sikubishana nao. Siku alipokufa tulianua matanga mawili kwa mpigo, lake na la Mbano, na wazee wakakubali ingawa maiti ilikuwa moja.

Na mimi? Nilidhani nimetoka salama. Kumbe nilikaa kidogo kuliko mama mkwe, lakini nilikaa. Ilichukua miaka mpaka nikagundua. Siku Chausiku anaolewa, wanawake wakaniambia mama, tuhadithie harusi yako. Nikatabasamu nianze, nikakuta hakuna kitu. Siku niliyoolewa na Mbano haimo kichwani mwangu. Sijui tulicheza ngoma gani, sijui aliniambia nini tulipobaki wawili. Wapo waliokuwako wakanihadithia, na ninachokijua ni hicho walichonipa wao. Nakumbuka uso wake, nakumbuka sauti yake, nakumbuka damu. Siku ile moja ya furaha ndiyo niliyoiacha kwenye kiti cha udongo.

Wazungu wa reli hawakurudi. Ikaja vita nyingine, Mdachi mwenyewe akaondoka, na ule uwanja ukalimwa, ukaachwa, ukalimwa tena. Sasa kuna watu wamejenga karibu, na watoto wao huchunga mbuzi juu ya mawe ya msingi. Mchana wa jua hapana neno, pita tu.

Lakini wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nakuusia. Asubuhi za baridi, Matogoro ikivaa ukungu, usikatize pale peke yako ukiwa na msiba moyoni. Ukisikia mazungumzo, wasalimie upite. Ukikaribishwa kiti, shukuru, useme unaharakishwa. Hata kama miguu inakuuma. Hata kama aliyekukaribisha anakujua kwa jina, na jina hilo hujaitwa kwa sauti ile tangu ulipokuwa mdogo. Usikae.